Jinsi Nilivyoleta Ugonjwa wa Masikio Busia

Kama uliwahi kusikia kwamba Busia kulizuka ugonjwa wa masikio, ule uliofanya watu watembee sokoni wamejifunga vitambaa kichwani kama wenye maumivu ya meno, basi kaa vizuri nikwambie jambo ambalo mpaka leo nikilitaja naona aibu inanipanda kutoka kwenye visigino. Hakukuwa na ugonjwa. Kulikuwa na mimi.

Ndiyo, mimi huyu, Mama Athieno, muuza mabeseni na ndoo za plastiki karibu na mpaka, upande wa Uganda, Msamia niliyezaliwa ng'ambo ya Kenya nikaolewa na Mjopadhola wa Nagongera, mwanakwaya, mzazi wa mfano (hilo la mzazi wa mfano nilijipa mwenyewe, hakuna aliyenisaidia).

Mambo yalianzia kwenye lile kundi letu la wazazi kwenye simu. Mwalimu mkuu, Madam Nekesa, alituuliza kwa upole tunaonaje, shule ipige marufuku watoto kuvaa hereni ama iwaache. Lo! Ungedhani ameuliza kama tuiuze nchi. Wazazi ambao hawajui hata mtoto wao yuko darasa la ngapi waliamka wote siku hiyo. Mmoja akasema hereni zinaibwa na watoto wanapigana chooni. Mwingine akasema msichana bila hereni watu watamdhania mvulana (kana kwamba sketi ya shule haitoshi kutoa taarifa). Mwingine akasema wakati wa kucheza hereni ikinaswa na kitu sikio linachanika, na huyo, nikisema ukweli, ndiye peke yake aliyeongea jambo la maana, kwa hiyo hakuna aliyemjibu. Nami siku hiyo wateja walikuwa wachache na bando lilikuwa limejaa, nikaona nchi inanihitaji. Nikatuma ujumbe wa sauti.

"Shule si harusi!" nikanguruma humo ndani, mpaka watu waliokuwa wakichagua ndoo wakageuka. "Mtoto anakwenda kusoma, haendi kuchumbiwa! Mzazi anayempeleka mtoto shuleni na hereni, huyo ana shida zake, sisi tumwombee tu!"

Nikatumiwa vidole gumba vingi kiasi kwamba nikaanza kujiona mbunge. Sheria ikapita. Muhula ukifunguliwa, hereni ni mwiko, na itakayoonekana itatolewa pale pale getini.

Shida ni kwamba wakati mimi napokea vidole gumba, binti yangu Athieno, mtoto wa darasa la tatu, alikuwa likizo Nagongera kwa nyanya yake. Sasa, mama mkwe wangu ni mwanamke ambaye nadhani hata ng'ombe wake humwamkia. Hapigi kelele, hagombani, anakutazama tu, na wewe mwenyewe unajikuta umeshika ufagio. Alipomrudisha mtoto mwisho wa likizo, kabla sijapokea hata kuku aliyekuja naye, nikaona kitu kinametameta. Athieno alikuwa na hereni masikioni. Ndogo, za dhahabu, za kweli.

"Hii niliolewa nayo," Mama akaniambia, akikigeuza kichwa cha mtoto nione vizuri. "Mtoto iko na jina ya dada yangu marehemu, sasa iko yake. Lakini usitoe, sikia? Tundu iko mbichi bado. Ukitoa, inafunga. Mimi nitakuja kuona."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefungua mdomo akasema, Mama, shule imekataza. Maneno machache tu, hata mtoto angeyasema. Mimi nikapiga magoti, nikasema, "Asante sana, Mama, zimempendeza kweli," nikaenda kuteka maji ya chai.

Nilipobaki peke yangu nikampigia mume wangu. Okoth ni dereva wa lori, na siku hizo alikuwa amekwama kwenye ile foleni ya Malaba isiyosogea.

"Baba Athieno, mama yako ametoboa mtoto masikio, na shule haitaki hereni."

"Ongea na mama," akasema.

"Ni mama yako wewe."

"Foleni inasogea," akasema, akakata. (Haikusogea. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa ameketi chini ya lori anacheza karata.)

Sikuweza kumwomba Madam Nekesa ruhusa, maana angenirudishia sauti yangu mwenyewe ya kuhusu harusi. Sikuweza kuzitoa zile hereni, maana Mama amesema atakuja kuona, na huyo akisema atakuja, huja. Basi nikafanya kitu kidogo tu. Nikachukua vipande viwili vya plasta, nikabandika kimoja sikio hili na kimoja sikio lile, hereni zikafunikwa. Plasta yenyewe imeandikwa kuwa ni rangi ya ngozi, sijui ngozi ya nani, kwa maana kwa Athieno ilionekana kama taa.

"Wakikuuliza, sema masikio yanauma," nikamwambia.

"Lakini hayaumi, mama."

"Yatauma wakikuuliza."

Na kweli, siku ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu. Mwalimu wa zamu pale getini akamwonea huruma, akampa kiti cha mbele darasani asikie vizuri. Nikajipongeza. Nikala chapati mbili kwa furaha. Sikujua kwamba wakati wa mapumziko Athieno alikuwa amewafunulia rafiki zake siri yote, na wale wasichana, ambao mama zao waliwaamuru waache hereni nyumbani, waliona mwanga. Kila asubuhi wakawa wanajificha nyuma ya kibanda cha kuuza mandazi, wanavaa hereni, wanabandika plasta, halafu hao, shuleni, nyuso zimejaa maumivu. Jioni wanabandua. Unajua plasta walizitoa wapi? Kwangu. Mimi nilikuwa nashangaa tu boksi la plasta linapungua, nikawalaumu panya.

Haikuchukua muda, darasa la tatu zima likaonekana kama limetoka vitani. Halafu la nne. Kisha hata wavulana wawili. Madam Nekesa, mwanamke makini anayependa watoto, akaogopa, na nani asingeogopa? Akaandika kwenye kundi: "Wazazi wapendwa, tumeona watoto wengi wenye maumivu ya masikio. Yalianza kwa mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu na yanaonekana kuenea. Tafadhali tuwe waangalifu."

Mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu. Nilisoma pale mara mbili, nikijua ni wangu. Ningeandika ukweli wakati ule, watu wangecheka, yakaisha. Badala yake unajua niliandika nini? "Mungu atusaidie."

Jirani yangu kibandani ni Mama Nabwire, muuza nyanya, mtu mzuri sana ila habari ikiingia kwake haitoki na umbo ililoingia nalo. Yeye naye ana binti darasa la tatu, Nabwire, rafiki mkubwa wa Athieno. Aliposoma ule ujumbe akawasimulia wateja wake, na kwa kila fungu la nyanya ugonjwa ukaongezewa kitu. Asubuhi yalikuwa maumivu. Mchana yakawa usaha. Jioni mwanamke mmoja kutoka Mella, aliyekuja kuuza mihogo, akanishika mkono akaniambia kwa siri, "Mama, chunga, kuna ugonjwa, sikio inaanguka yenyewe, unaokota chini." Nikamwambia, "Aisee." Ningemwambia nini?

Wateja wangu wa kutoka upande wa Kenya ndio waliokuwa wa kwanza kupotea. Wachache waliovuka walikuja wamejifunga vitambaa. Kijana mmoja wa boda boda alijaza pamba masikioni, ukimwambia akupeleke stendi anakupeleka hospitali. Mzee fulani akaanza kuuza mafuta ya vitunguu saumu kwenye vichupa, tone moja kila sikio, na watu wakapanga foleni. Hata Mama Nabwire alinunua, akaninunulia na mimi (kwa upendo, Mungu ambariki), akanisimamia mpaka nikajitia, nikakaa siku nzima nikinuka kama mchuzi. Na ule mchana Okoth akapiga simu mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Usimtoe mtoto nje! Huku Malaba madereva wanasema Busia watu wanadondoka masikio!"

"Tunamwomba Mungu," nikasema.

"Nimempigia mama, nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba Athieno ndiye ameanza."

Hebu fikiria. Mtu aliyeshindwa kumpigia mama yake kwa ajili ya hereni, alipata nguvu ya kumpigia kwa ajili ya hilo.

Kesho yake Madam Nekesa akaita wazazi wote shuleni, na kutoka kituo cha afya akaja musawo, yaani daktari, kijana mpole mwenye miwani na glovu za mpira. Tulikusanyika uwanjani, wazazi upande huu, watoto wenye plasta wamepangwa mstari upande ule, na mbele kabisa, kama mgeni rasmi, Athieno wangu, mgonjwa wa kwanza. Akaniangalia. Nikaangalia mawingu. Bado nilikuwa napanga niseme nini, na nilikuwa nimefika kwenye wazo la kuzimia (nimewahi kuona mtu akizimia kanisani, halionekani kuwa gumu), ndipo tukasikia vilio getini.

Zikaingia boda boda tatu kutoka Nagongera. Ya kwanza imembeba mama mkwe wangu, khanga kiunoni, fungu la majani ya dawa mkononi, na zile nyingine zimebeba wanawake wa kikundi chake cha maombi, wanalia kwa sauti zilizopangwa vizuri kuliko kwaya yetu. Mama hakusalimia mtu. Hakumwona mwalimu mkuu, hakumwona musawo, alimwona mjukuu wake tu.

"Mama, samahani, usimguse, huenda inaambukiza," musawo akasema.

"Wacha iniambukize," Mama akajibu, akashika ile plasta, akaibandua.

Jua la saa nne likapiga pale pale sikioni. Hereni ikametameta mpaka nyuma ya uwanja.

Vilio vikakatika. Mama akabandua na ya pili, akaligeuza sikio, akalivuta kidogo, akalinusa hata. "Lakini iko mzima," akasema. "Tundu imepona vizuri kabisa. Nani alisema mtoto iko mgonjwa?"

Athieno, ambaye nimemlea kwa kumfundisha kusema ukweli siku zote, akanyoosha kidole.

Sijui kama umewahi kutazamwa na shule nzima, walimu, wazazi, wapishi na kikundi cha maombi kwa wakati mmoja. Musawo yule akaenda kwa mtoto wa pili, akabandua. Hereni. Wa tatu, hereni. Wa nne, kijiti cha ufagio, kile wanachoweka ili tundu lisizibe. Mvulana mmoja akabanduliwa, hakuna kitu, sikio tupu. Akasema aliweka kwa sababu wenye plasta walikuwa hawaitwi ubaoni. Watu wakaanza kucheka. Wakacheka mpaka wengine wakaketi kwenye nyasi, na mimi nikajaribu kucheka nao, kama vile ni mtu mwingine anayechekwa.

Halafu musawo akamfikia Nabwire, na hakuna aliyecheka tena.

Alipogusa ile plasta mtoto akapiga kelele. Chini yake sikio lilikuwa limevimba, jekundu, hereni yake ya bei ya chini imezama ndani ya nyama na usaha unatoka pembeni. Mama Nabwire akaja mbio akiangusha kiatu. "Nabwire, kwa nini hukuniambia?" Mtoto akalia, "Mama, ungenichapa. Hereni ulisema zibaki nyumbani, ndiyo maana nilikuwa najifunga kitambaa." Musawo akatwambia, bila kumkaripia mtu, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwamba kidonda kikifunikwa hivyo siku hadi siku kinaoza, na kwamba angekaa hivyo wiki nyingine huenda pangekuwa na la kuokota chini kweli. Alilowesha pamba, akaitoa ile hereni polepole pale pale, na Nabwire alihitaji mkono wa kushika, mama yake amemshika kichwa kwa mikono miwili, basi nikampa wangu. Aliuminya mpaka nikaona nyota. Nilikuwa nasema moyoni, minya, mtoto wangu, minya kabisa.

Alipokwisha kufungwa bandeji, Madam Nekesa akanigeukia. "Mama Athieno, labda utueleze."

"Madam," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mbu, "nilikuwa tu... masikio yake... yalihitaji kupumzika."

Mtu mmoja nyuma, sitamtaja ingawa namjua na alinunua ndoo kwangu kwa bei nafuu, akafungua simu yake akainua juu. Ikatoka sauti yangu, imepasuka vizuri kabisa: *Shule si harusi! Mzazi anayempeleka mtoto shuleni na hereni, huyo ana shida zake, sisi tumwombee tu!* Kikundi cha maombi cha Nagongera kikageuka kunitazama kama kilichopata kazi.

Lakini kicheko cha watu si kitu. Kitu ni mama mkwe wangu, ambaye Kiswahili chake si kingi ila alichosikia alikielewa chote. Akanisogelea.

"Kumbe ni wewe ulikataza hereni?"

"Ndiyo, Mama."

"Kabla mimi naleta?"

"Kabla, Mama."

"Halafu nilipoleta, ulisema asante."

"Ndiyo, Mama."

Akanitazama kwa ile namna yake, nikatafuta ufagio pale uwanjani sikuuona. Kisha akamwita Athieno, akazitoa hereni zote mbili kwa vidole vyake, taratibu, akaokota ufagio wa chelewa uliokuwa umeegemezwa ukuta wa darasa, akavunja vijiti viwili vifupi, akavisafisha kwa dawa ya musawo, akavipitisha kwenye matundu. Ilichukua muda mfupi kuliko mimi nilivyokuwa nikibandika plasta.

"Shule ikikataa, imekataa," akasema. "Mimi nilisoma pia, mwalimu wetu alikataa hata viatu. Kwa nini hukuniambia? Unaniogopa?"

"Hapana, Mama," nikasema, na wazazi wote wakacheka upya, maana hata mawe yalijua naogopa.

Mkutano ukaendelea bila mimi kuongea, jambo ambalo Madam Nekesa alilishukuru hadharani. Wakakubaliana hereni zibaki marufuku, ila mtoto mwenye tundu bichi aruhusiwe kijiti au uzi mpaka lipone, na mzazi aje aseme. Wakaongeza kwamba mtoto yeyote mwenye plasta apelekwe kwanza kwa mwalimu aonyeshe kilicho chini. Sheria hiyo walimu huiita kwa jina langu. Nimesikia.

Nilidhani yameisha. Tulipofika nyumbani Mama akanywa chai, akazifungua zile hereni kwenye pembe ya khanga, akaziweka kiganjani, halafu akaniangalia masikio. Mimi sijawahi kutobolewa. Baba yangu alikuwa mlokole wa wale wa zamani, kwetu hata kuchana nywele upande ilikuwa dhambi.

"Sasa hizi zitakaa wapi mpaka mtoto amalize shule?" akauliza. "Kwenye kabati, zipotee?"

"Mama, naweza kuzifunga vizuri kwenye..."

"Athieno, lete sindano. Chemsha maji."

Basi nikakalishwa kwenye kigoda nje ya nyumba yangu mwenyewe, mwanamke mzima, kikundi cha maombi kimenizunguka kikiimba, majirani wamejaa uani, Mama Nabwire amebeba binti yake mwenye bandeji aone vizuri (na alikuwa na haki hiyo, simlaumu). Nilipiga ukelele uliovuka mpaka bila kugongwa muhuri. Okoth alifika ile jioni, foleni imesogea hatimaye, akatukuta hivyo. Akauliza nini kimetokea. Mama yake akamwambia, "Ongea na mke wako."

Nabwire alipona, ingawa sikio lake limebaki na alama, na kila nikiiona namwongezea mama yake beseni bila yeye kuuliza kwa nini. Mimi nimejiondoa kwenye kutuma ujumbe wa sauti. Siku hizi natuma kidole gumba tu, kama watu wenye busara. Na nimeapa, shule ikitoa sheria nyingine itakayonigonganisha na Nagongera, iwe ya nywele, ya soksi, ya chochote, nitakwenda mapema kwa miguu yangu ofisini kwa Madam Nekesa, nitaketi kwenye kile kiti chake kigumu nimwambie, "Madam, nina shida na mama mkwe." Atanielewa haraka kuliko nilivyofikiri. Juzi nilimkuta sokoni akinunua ndoo na mama mmoja mzee amesimama nyuma yake, kimya, akimtazama tu, na mwalimu mkuu wetu, ambaye shule nzima inatetemeka akipita, alikuwa anapiga magoti akisema ndoo aliyoichagua mama ndiyo nzuri zaidi.